Ndoa ya Jadi Katika Fasihi Teule: Mzee wa Kuitwa Yuko Wapi?

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu swali la insha lenye alama ishirini: "Ndoa ya jadi ingali na thamani." Jadili kwa kurejelea kazi teule uliyoisoma. Niliposahihisha nilikutana na yale yale tuyajuayo sote. Nusu ya darasa iliandika kwamba mila zimepitwa na wakati, ikataja ukewenza, ndoa za mapema na kupigwa kwa wanawake, ikaweka nukta. Nusu nyingine iliandika kwamba usasa umeharibu familia, ikataja talaka, ulevi na watoto wa mitaani, nayo ikaweka nukta. Makundi yote mawili yalikuwa na mifano, na yote mawili yalipata alama za wastani.

Mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyenisimamisha. Binti huyu aliandika kwamba wazazi wake walipoachana hakuna mzee hata mmoja aliyekuja kuuliza kulikoni, kwa kuwa hakuna mzee aliyewahi kuitwa tangu mwanzo. Nami nikachukua kalamu nyekundu nikamwandikia pembeni: "Rejelea kitabu."

Kwa kanuni za utahini sikukosea. Karatasi ya fasihi haitahini maisha ya mtahiniwa; inatahini ujuzi wake wa matini. Hata hivyo, jioni ile nilipoyapanga makaratasi nilitambua kwamba binti huyo alikuwa amekigusa kiini cha swali kuliko wenzake, na pengine kuliko mimi niliyelitunga. Makala haya ni jaribio la kumpa jibu ambalo kalamu yangu nyekundu haikumpa.

Ninalokusudia kulithibitisha ni hili. Thamani ya ndoa ya jadi, kama inavyojitokeza katika kazi zetu teule, haimo katika mamlaka ya mume wala katika wingi wa mahari. Imo katika ushahidi: kuwepo kwa watu walioiona ndoa ikianza, ambao kwa sababu hiyo wana haki ya kuuliza na wajibu wa kujibu. Ushahidi huo ukiondolewa, linalobaki ni ganda la mila. Ukihifadhiwa, hata familia isiyofanana na ile ya babu zetu inaweza kuwa familia kamili.

NDOA YA JADI NI IPI?

Kosa la kwanza la watahiniwa wengi ni kuizungumzia ndoa ya jadi kana kwamba ni kitu kimoja. Jamii zetu ni nyingi na taratibu zao hazilingani. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo ndio wanaotia muhuri. Bila hao wazee hawahesabu kwamba ndoa imefungwa. Kwa Wakikuyu, Jomo Kenyatta aliandika katika kitabu chake cha 1938 kuhusu maisha ya watu wake kwamba msichana aliulizwa mbele ya jamaa kama pombe ya posa inyweke. Akikataa, hainyweki. Kwa Waswahili wa pwani kulikuwa na mshenga wa kupeleka posa, kukawa na mahari ya bibi harusi mwenyewe, kilemba cha baba na mkaja wa mama. Kisha kulikuwa na somo, mwanamke mzima aliyemfunda mwari na kubaki mtu wake wa siri hata baada ya harusi. Kwa Waluo na Waluhya, ng'ombe waliotolewa walizifunga koo mbili. Ndoa ikivunjika suala la ng'ombe lilizuka, na kwa hivyo kila upande ulikuwa na sababu ya kuwapatanisha wawili hao.

Zitazame taratibu hizo kwa pamoja, mwalimu mwenzangu. Zinatofautiana katika vitu, lakini zinafanana katika watu. Kila moja inahakikisha kwamba kuna mtu wa tatu. Mshenga akiulizwa atasema nani alimtuma. Somo akiitwa atakuja. Mzee aliyekula mbuzi hawezi kusema hajui mji ule umesimamaje.

Hata Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858, unaweza kusomwa kwa jicho hili. Wahakiki wamebishana sana kama mshairi anamfunza bintiye unyenyekevu au werevu wa kuishi na mume. Ubishi huo una nafasi yake. Lakini tusisahau tukio lenyewe: mama mjane, mgonjwa, anamwachia bintiye Mwana Hashima maneno ya kumwongoza siku ambazo yeye hatakuwepo. Tukubaliane au tusikubaliane na nasaha zake, utungo huo unatuonyesha jamii ambamo msichana hakuingia katika ndoa akiwa peke yake.

Hata hivyo, tusiipake jadi rangi. Ng'ombe wale wale waliowafanya wazee wapatanishe ndio pia waliowafanya baadhi ya baba wamrudishe binti aliyepigwa kwa mumewe, maana ng'ombe walikuwa wamekwisha kuolea kaka. Shahidi anaweza kununuliwa. Fasihi yetu inalijua hilo vyema, kama tutakavyoona.

UTENGANO: MAMLAKA BILA MASHAHIDI

Tuanze na riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Utengano (1980), ambayo iliwahi kutahiniwa nchini na ambayo walimu wengi wa rika langu waliisoma wakiwa wanafunzi. Bwana Maksuudi huchukuliwa na watahiniwa kuwa mfano wa "mume wa kijadi". Anamweka mkewe Bi Tamima ndani, anamnyima bintiye Maimuna ulimwengu, na neno lake nyumbani halina rufani. Basi, wanahitimisha, Maksuudi ni jadi na jadi ni mbaya.

Soma tena. Maksuudi ni mtu wa cheo na siasa za zama zake, mwenye maisha mawili: utawa wa wengine nyumbani, na anasa zake mwenyewe nje. Kabla ya Tamima alikuwa amemwoa Mwanasururu, akanufaika na mali yake kisha akamwacha. Mume wa namna hii hakuichukua jadi nzima. Alichukua kipande kinachompa amri, akakitupa kipande kinachomtaka ajieleze. Tamima hana jamaa wa kumjia wala wa kumwendea. Milango iliyofungwa haikumzuia yeye tu kutoka; iliwazuia pia mashahidi kuingia.

Ndiyo maana tukio la talaka lina uzito mkubwa. Tamima anaachwa wakati wa kujifungua, saa ambayo katika jamii zetu zote nyumba hujaa wanawake. Na mkunga anayeingia, Bi Farashuu, ni mtu mwenye kisasi cha Mwanasururu. Kwa maneno mengine, mtu wa nje anapoingia hatimaye katika nyumba hiyo, anaingia akiwa adui. Maksuudi aliwafungia nje waliokuwa na haki ya kumuuliza, kisha akaja kuulizwa na asiyemtakia mema.

Maimuna naye anatoroka bila kufundwa na yeyote, anaangukia mikononi mwa Mama Jeni, na usichana wake unaishia katika ulevi na biashara ya mwili. Anapoolewa na Kabi baadaye, anaingia katika ndoa akiwa amejifunza kwa majeraha yale ambayo somo angemfunza kwa maneno. Mhakiki makini hatasema kwamba jadi ilimwangamiza Maimuna. Atasema kwamba aliangamizwa na nusu ya jadi.

CHOZI LA HERI: SHAHIDI ANAPOKUWA UGONJWA

Assumpta K. Matei katika Chozi la Heri anatuwekea mtihani mgumu zaidi, kwani humo jamaa wapo na bado wanaumiza. Mtazame Pete. Analelewa na nyanya yake, kisha wajomba wanapokea mahari na kumwoza Fungo, mzee mwenye wake wengine, naye Pete angali mtoto wa shule. Wazee walikuwepo. Mahari yalikuwepo. Kilichokosekana ni lile swali la pombe: hakuna aliyemuuliza Pete kama inyweke. Mahari bila ridhaa ni bei, na wajomba hao si mashahidi bali ni wauzaji.

Mtazame pia Subira, mke wa Kaizari. Mama mkwe anamwona mgeni kwa sababu ya kabila lake, na maneno ya kila siku yanamsukuma hadi anaiacha nyumba. Selume naye ndoa inamshinda kwa sababu ya chuki za kikabila zilizochochewa na siasa. Hapa ukoo uliopaswa kuwa nguzo umegeuka kuwa msumeno. Mtahiniwa anayetaka kutetea jadi lazima aikabili hoja hii uso kwa uso. Akiiruka, mtahini atajua.

Upande wa pili wa mizani yumo Naomi. Lunga anapopoteza kazi na maisha yakamwendea mrama, Naomi anaondoka na kuwaacha watoto. Lunga anafariki, na Umu, Dick na Mwaliko wanabaki mikononi mwa kijakazi Sauna, anayewaiba wavulana hao. Jiulize, msomaji: kati ya kuondoka kwa mama na wizi wa Sauna, ni nani aliyebisha hodi katika nyumba hiyo? Watoto watatu walikuwa na nyumba nzuri, na nyumba hiyo haikuwa na jamaa wa kuuliza habari za asubuhi. Binti wa darasa langu angeuelewa ukurasa huo bila kusaidiwa na mwongozo wowote.

Lakini mwandishi hatuachi hapo, na hili ndilo linaloipa riwaya jina lake. Umu anapata wazazi wapya: Mwangeka, aliyempoteza mke na mtoto katika moto wa ghasia, na Apondi, mjane mwenye mtoto wake. Mwaliko anachukuliwa na Mwangemi na Neema, ambao hawakuwa na mtoto. (Mtahiniwa, usimchanganye Neema huyu na Neema wa Bembea ya Maisha, kosa hili ni la kila mwaka.) Ukizihesabu kwa kipimo cha zamani, hizi ni familia za viraka: mjane, mtu aliyefiwa na mke, watoto wasio wa damu. Hata hivyo ndizo familia zenye afya kuliko zote kitabuni. Kwa nini? Kwa sababu kila mtoto aliyeingia alipokelewa waziwazi na kupewa nafasi, jina na watu wa kumuulizia. Matei amelitoa tunda la jadi katika ganda lake la zamani na kulipanda katika udongo mpya.

BEMBEA YA MAISHA: MILA INAPOCHAGULIWA

Tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, inalileta suala hili hadi mlangoni mwa wanafunzi wetu wa leo. Yona na Sara wameoana kwa utaratibu ambao kijiji kinautambua. Lakini wanajaliwa mabinti, na kijiji kinachomsimanga Yona kwa kukosa mtoto wa kiume kinamsukuma katika ulevi, naye Yona anamsukumia Sara machungu yote, hata kwa kipigo. Hapa tena mashahidi wapo, ila wanauliza swali lisilofaa. Wanauliza yuko wapi mrithi, hawaulizi mama huyu ana hali gani.

Anayeuliza swali linalofaa ni Dina, jirani na rafiki, anayemshika mkono Sara katika kazi za nyumbani anapougua. Naye mrithi aliyetafutwa kwa miaka mingi anapatikana kwa sura ambayo kijiji hakikuitarajia: ni Neema, binti, anayehangaikia matibabu ya mama. Yona mwenyewe anapojirudi na kuanza kumtunza mkewe, ndoa hiyo ya kijadi haivunjiki. Inatimizwa.

Kisha kuna Bunju, mume wa Neema. Bunju ni msomi wa mjini, lakini panapozuka suala la mama mkwe mgonjwa kulala nyumbani kwake anaishika mila: mkwe halali kwa mkwe. Basi ni Asna, binti asiyeolewa, anayetazamiwa kumpa mama malazi katika makao yake madogo. Darasani mjadala wa hapa huwaka moto. Wapo wanafunzi ambao nyumbani kwao mila hiyo ingali hai, na si vyema kuwakejeli. Umbali kati ya mkwe na mkwe uliwekwa kwa sababu: kulinda heshima ya pande mbili zilizounganishwa na ndoa. Tatizo la Bunju ni kwamba anaitumia kanuni ya heshima mahali ambapo inazaa aibu. Mila ile ile iliyomkataza mkwe kulala pale ilimpa kwao pa kulala na watu wa kumuuguza. Bunju ameshika katazo, hakulishika lile lililolikamilisha. Katika hili yeye na Maksuudi, ingawa hawafanani kwa tabia hata kidogo, wanafanya jambo moja: kila mmoja anachagua kipande cha jadi kinachomfaa.

NJE YA VITABU

Kaida za familia nchini zimebadilika na sheria imebadilika pamoja nazo. Katiba ya 2010 inawapa mume na mke haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa na inapovunjika. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila pamoja na ndoa za aina nyingine, inataka wote wawili wawe wametimiza miaka 18 na wawe wameridhia. Aidha, pale ambapo mila inadai mahari, sheria hiyo inasema kwamba kiasi kidogo cha kuonyesha nia kinatosha kuthibitisha ndoa. Kwa maneno mengine, sheria imelirudisha mezani lile swali la pombe, na imeyarudisha mahari katika kazi yake ya kuwa alama badala ya bei.

Pamoja na hayo, vijana wengi leo huanza kwa kuishi pamoja, bila posa wala mshenga. Siwanyoshei kidole, kwa sababu nami nilianza hivyo. Tulipangisha chumba karibu na shule niliyokuwa nikifundisha, na wazee wetu hawakukutana mpaka mtoto wa pili alipokuwa akitembea. Siku walipokutana, shangazi wa mke wangu alimwuliza mbele ya watu wote kama hulala akiwa ameshiba na kama kuna mkono ambao umewahi kuinuliwa juu yake. Nilitokwa na jasho ingawa sikuwa na hatia. Mpaka leo sikumbuki hesabu kamili ya mbuzi, lakini swali hilo nalikumbuka neno kwa neno, na najua shangazi yule anaweza kuja wakati wowote kuliuliza tena. Siku hiyo nilielewa kilichokuwa kikikosekana katika chumba chetu cha kupanga miaka yote ile.

NASAHA KWA MTAHINIWA

Ukikutana na swali la ndoa au familia katika mtihani, zingatia mambo manne.

Kwanza, bainisha unachokiita jadi. Usiseme "mila" kwa jumla. Taja posa, mahari, ridhaa, nafasi ya wazee, uhusiano wa wakwe, kisha onyesha ni kipi kinachozungumziwa katika tukio hilo.

Pili, tofautisha msimamo wa mhusika na msimamo wa mwandishi. Bunju akitetea mila, si lazima Arege awe anaitetea. Tazama mwandishi anampa mhusika huyo matokeo gani.

Tatu, kila hoja iwe na mhusika, tukio na maana. Hoja kama "ndoa za mapema ni mbaya" haijakamilika. Andika hivi: "Wajomba wa Pete wanapokea mahari na kumwoza Fungo bila ridhaa yake, hivyo mwandishi anaonyesha kwamba utaratibu wa kijadi ukipoteza ridhaa unageuka kuwa biashara." Hapo mtahini atakupa alama zako bila kukuna kichwa.

Nne, ikiwa swali linakutaka ujadili, usiiogope hoja kinzani. Ukitetea thamani ya ndoa ya jadi, mlete Subira mwenyewe kabla mtahini hajamleta. Kisha eleza kwa nini bado unashikilia msimamo wako.

Na kwa mwalimu mwenzangu nina neno moja. Tunapofundisha maudhui haya, tujihadhari na msamiati wetu. Tukisema "familia kamili" tukiwa na maana ya baba, mama na watoto, darasani mna wanaolelewa na nyanya, na mama peke yake, na mjomba, na makao ya watoto. Watalisikia neno hilo kama hukumu. Chozi la Heri linatupa ruhusa ya kupima ukamilifu kwa kipimo kingine: je, mtoto huyu ana mtu wa kumuulizia?

TAMATI

Chambilecho wavyele, mwacha mila ni mtumwa. Lakini Maksuudi, wajomba wa Pete na Bunju wanatuonya kwamba kuna njia mbili za kuiacha mila. Moja ni kuitupa yote. Nyingine ni kuikata vipande, ukabaki na kile kinachokupa amri tu, na anayefanya hivyo hujiita mlinzi wa mila.

Juma lililofuata nilimwita yule binti, nikamrudishia karatasi yake. Sikulifuta neno langu la "Rejelea kitabu", kwani mtihani wa kitaifa hautamhurumia. Nililiongezea maneno chini yake: "Ulichokisema ni kweli. Kitafute katika nyumba ya Lunga." Alikwenda akasoma, akaandika upya. Insha ya pili ilikuwa na Umu, Dick na Mwaliko, nyumba yenye kila kitu na mlango usiobishwa hodi na mtu. Nyumba ya kwao hakuitaja hata mara moja, wala hapakuwa na haja. Nilimpa alama kumi na nane.